Aliyeitikiwa Kwenye Uwanda wa Chumvi

"Kuna mtu amebaki nje?" kondakta aliuliza, na hakuna aliyejibu. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, kila abiria anahangaika na chupa yake ya maji na miguu ya jirani yake. Basi akafanya kama alivyofanya kila kituo: akaanza kuita viti, namba baada ya namba, na aliyekalia anaitikia "yupo".

Hii ni habari ya binti wa mama mkubwa wangu, na sitaki mtu aniambie eti alikuwa na usingizi. Likizo ile alimchukua mdogo wake, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda, wazunguke nchi kwa basi, kila mmoja na begi lake mgongoni. Kufikia siku ya nne walikuwa wameshapita milima yenye ukungu, msitu mnene na ziwa lenye maji ya kijani. Mama yao alikuwa amemwambia mkubwa maneno machache tu: huyu umeondoka naye, utarudi naye.

Siku hiyo basi lilisimama kwenye uwanda wa chumvi. Mweupe, tambarare, hauna mti wala jiwe. Kitinda alipoteremka na simu yake kupiga picha, dada mtu, aliyemjua kwa kuzubaa, akamtania kwamba siku ya harusi yake bwana arusi ataenda fungate peke yake. Kitinda akamjibu kwamba hata hivyo dada atakuwepo kumfokea, maana ndiyo kazi aliyozaliwa nayo.

"Kumi na nne?"

"Yupo," dada akaitikia.

"Kumi na tano?"

Kitinda alikuwa hajaingia. Lakini dada alimwona dirishani akija, koti lake jekundu, hatua hamsini tu. Na chuoni walikuwa wamezoea: mwenzako akichelewa darasani unamwitikia, mhadhiri anaweka alama, maisha yanaendelea. Hakutaka mdogo wake aaibishwe mbele ya watu.

"Yupo," akasema.

Hicho kilikuwa kiti cha mwisho kuitwa, na mlango ukafungwa palepale. Kabla hajafungua mdomo kusema subirini, akahisi kiti cha pembeni kimebonyea.

Koti jekundu lilikuwa limekaa pale. Kofia ya koti imefunika kichwa, uso umeelekea dirishani.

Roho yake ikatulia. Akamuuliza amepitia wapi, maana hakuna aliyemruka magoti. Akampa maji. Hakupokea. Akadhani amenuna kwa ule utani. Vidole vilivyochungulia kwenye mkono wa koti vilikuwa vikavu, vimepasukapasuka, vyeupe hadi kwenye kucha.

Wakaenda hivyo saa nzima. Kisha mtandao ukarudi, na simu yake ikatetemeka. Ujumbe. Kutoka kwa Kitinda.

Dada mbona mmeniacha.

Ulitumwa saa saba na dakika kumi na mbili.

Hakugeuza shingo. Hakupumua. Kitu cha pembeni kikamsogelea sikioni, taratibu. Sauti ilikuwa ya mdogo wake.

"Si uliniitikia mwenyewe."

Dereva alipokanyaga breki kwa ukelele wa dada, kiti kilikuwa kitupu. Abiria wote waliapa walimwona msichana mwenye koti jekundu amekaa pale. Wakageuza gari. Kule hakukuwa na mtu. Nyayo za raba za Kitinda zilifika hadi ukingoni mwa lami. Pembeni yake kulikuwa na nyayo nyingine, za miguu mitupu, zikitoka mbali kabisa kwenye ule weupe. Zote ziliishia hapohapo. Hakuna zilizorudi.

Polisi waliuliza alikuwa na mchumba gani. Msichana akipotea hilo ndilo swali la kwanza, na faili likafungwa kwa swali hilo. Kampuni ya mabasi nayo ikakataza madereva wake kusimama pale, kana kwamba hiyo ndiyo dawa.

Imepita miaka miwili. Dada anaendelea kupokea picha kutoka namba ambayo mama alishaifunga. Ni picha ileile: mgongo wa basi linalokwenda zake. Mwezi uliopita alinionyesha ya mwisho. Kivuli cha anayepiga kimelala kwenye chumvi. Kando yake kuna kivuli cha pili, kirefu mno, kimemshika mkono.

Kama una safari ya njia ile, nakuomba, mwambie dereva asimame, Kitinda apande.