Muuza Pweza Asiyemwacha Mteja Aende

"Azan, mama huyu wa kwenye gemu haniachi niondoke!"

Tulikuwa barazani kwao Azan, Kilindoni. Mchumba wangu huyo alikuwa akitengeneza gemu la simu la wapiganaji wanaopambana na majini, na mimi, muuza khanga, ndiye niliyemfundisha vipaji, yaani mbinu za kuuza, vya wafanyabiashara wa humo. Mmoja nilimpa kipaji cha kusifu mteja. Mwingine cha kuapa wallahi hapati faida. Huyu muuza pweza alimtengeneza peke yake.

"Ukimpa mgongo anafanyaje?" Azan aliuliza, macho chini.

"Hatua ya tatu ananiita: 'Rudi tuelewane, bwana.' Nikirudi anapunguza bei. Nikiondoka, ananiita tena. Mara saba, Azan! Na sauti hii naijua."

Ilikuwa ya Mwanasiti, marehemu mke wa Azan, aliyezikwa miaka mitatu iliyopita.

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye simu. Tuligombana, nikaondoka na hasira zangu kwenda kijiji cha Bweni. Akanitumia ujumbe huo wa sauti. Sikujibu. Jioni nikaambiwa amefariki."

"Ndiyo maana humu kila mtu lazima arudi?"

"Kila mtu."

Nilimhurumia, na nilimwogopa. Nikainuka nikaondoka.

"Nusra!"

Sikugeuka. Sokoni mteja hageuki kwa wito wa kwanza.

"Nusra, rudi tuelewane!"

Maneno yaleyale ya marehemu. Nikakimbia, kandambili moja nikaiacha njiani.

Kesho yake kaka yake Azan, Shaibu, akaja kwetu kuuliza mahari, maana bibi harusi ndiye anayetaja. Nikamwandikia Azan mwenyewe:

"Mahari yangu ni kipaji kimoja. Muuza pweza ajue kumwacha mteja aende. Sauti yake usiifute."

"Punguza, Nusra. Hilo siliwezi."

"Sipunguzi."

Zikapita siku nne. Nililia, nikajiona mjinga, mwanamke mzima nashindana na marehemu.

Ijumaa baada ya sala Azan akaja kwetu, macho mekundu, akanipa simu yenye gemu. Nikampa mgongo muuza pweza. Hatua moja. Mbili. Ya tatu nikafumba macho.

"Haya, nenda salama, bwana," ikasema sauti ya Mwanasiti. Hakuniita tena.

"Ni ujumbe wa zamani," Azan alisema. "Nilikuwa nasafiri, akaniaga. Nilisahau kwamba aliwahi kuniaga."

Akalia mbele ya mama yangu bila haya.

"Mwambie Shaibu," nikasema, "mahari nimeipokea."