Nimeshammaliza

Nyinyi mnaoshinda na simu masikioni, hebu zitoeni kidogo mnisikilize. Na wewe usiye na simu usiondoke, maana ulimi unao.

Palikuwa na nyumba ya kona, mbele duka la kushona, nyuma vyumba na ua mdogo. Mwenye duka aliitwa Mama Pindo. Wateja ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa hakuna aliyemzidi kulaza pindo la gauni. Mumewe, Cheche, alichomelea mageti na madirisha ng'ambo ya barabara kuu. Mama yake Cheche, Bi Mkubwa, aliishi nao. Bibi huyu alikuwa ameanza kusahau. Angekujulia hali, chai yako haijapoa akakujulia tena, na kuna siku alikaa mlangoni akimngoja mumewe atoke kazini, na huyo mume alizikwa zamani.

Alasiri hiyo nyumba ilikuwa shwari. Cherehani inakwenda, Bi Mkubwa yuko mkekani anatenga vifungo, vyeupe huku, vyeusi huku, halafu anavichanganya vyote na kuanza upya kwa furaha ileile.

"Mkamwana, vifungo vyote hivi vya nani?"

"Vya wateja, mama."

"Basi wana mashati hao!"

Wakacheka wote wawili. Ungepita ungesema amani imehamia hapo. Lakini Mama Pindo alikuwa na ugonjwa, na wala si wa kupelekwa hospitali. Alikuwa amenogewa na visa vya mauaji. Kulikuwa na msimulizi mmoja kwenye simu, ana sauti nzito, anaeleza kesi za kweli: mke aliyekutwa ndani ya pipa, mwalimu aliyeaga kwamba anakwenda dukani asionekane tena, mpangaji aliyefukiwa chini ya sakafu ya chumba chake mwenyewe. Mama Pindo alianza kwa kusikiliza kisa kimoja kimoja ili cherehani isimchoshe. Mwisho akawa hawezi kushona bila maiti. Akaanza kutia komeo mchana kweupe. Jirani akipita na mkokoteni uliofunikwa turubai, yeye ananusa.

Cheche alimtania. "Siku nikichelewa kurudi, tafadhali, usiniite marehemu. Niite mchelewaji."

"Cheka tu," mkewe akamjibu. "Wote waliouawa walikuwa wanacheka."

Aliyemnyima usingizi zaidi alikuwa kinyozi wa mtaa wa nyuma. Watu walimwita Kimya. Alikuwa kijana mpole, anaishi peke yake, anakunyoa mpaka mwisho bila kukuuliza habari za mtu. Mlango wa nyuma wa duka lake ulikuwa na pazia zito, na kila jioni aliosha sakafu kwa maji mengi. Mama Pindo akayaunganisha yote hayo kama vipande vya kitambaa.

"Umeona wapi kinyozi asiyesema?" alimwambia jirani yake, mama muuza mkaa. "Kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Labda ana jino bovu, dada."

"Jino! Aliyemtia yule mke kwenye pipa naye walisema mpole. Hakuua nzi."

Haya, niambieni. Kinyozi asipoosha sakafu yenye nywele, mtasema mchafu. Akiosha, mwasema anaficha damu. Maskini Kimya angefanya nini?

Sasa alasiri hiyo ninayowaambia, msimulizi alikuwa amefika pale polisi wanapovunja sakafu. Mama Pindo hakusikia kingine chochote. Alipomaliza kola na kuinua kichwa, mkekani palikuwa na vifungo tu.

"Mama?"

Akatazama uani, akagonga choo, akatoka nje. Muuza mkaa hakumwona. Hapo hofu ikamwingia, na si makosa yake, maana mzee asiyejua njia ya kurudi ni mtu wa kuhofiwa kweli. Lakini badala ya kuuliza watu, alianza kutafuta maiti. Alifunua pipa la maji la jirani. Alichungulia shimo la taka. Kila alipopita alijiuliza ingekuwa rahisi kumficha mtu wapi, na ile sauti nzito ilikuwa ikimjibu kichwani.

Miguu ikamfikisha kichochoroni, nyuma ya duka la Kimya. Pazia lilikuwa limeshushwa. Akalishika. Ndipo akasikia ndani sauti ya mwanamume asiyesema:

"...ametoka damu kidogo, si nyingi. Nimeshammaliza. Njoo umchukue haraka, mimi nasafisha hapa..."

Ndugu zangu, mkono ulikuwa tayari kwenye pazia, na pazia ni kitambaa. Yeye mwenyewe Mama Pindo, mteja akishapimwa na kukatiwa nguo yake, humwambia mumewe, "Yule nimeshammaliza, nipe chakula." Msusi husema hivyo, daktari wa meno husema hivyo. Lakini siku hiyo alisikia kwa masikio ya kuazima. Akaliachia pazia.

"Ameuaaa! Kimya amemuua mama! Uwiii, jamani, ameua!"

Akakimbia hadi barabarani akipiga yowe. Watu wakatoka, waosha magari na ndoo zao, fundi viatu na nyundo yake, na wengine waliokuja kwa sababu wengine wanakwenda. Kimya akatokea mlango wa mbele, wembe mkononi.

"Kuna nini? Nani kauawa?"

Wakamsukuma, wakaingia. Sakafuni nywele nyeupe. Kwenye wembe, damu. Mtandio wa Bi Mkubwa uko juu ya kiti, na kiti ni kitupu.

"Bibi yuko wapi?" fundi viatu akauliza.

Kimya aligeuka, akatazama kiti, akatazama pazia la nyuma likicheza. "Alikuwa hapa! Sasa hivi tu! Nimetoka kusikiliza kelele..."

"Sasa hivi!" watu wakarudia kwa dhihaka.

Fundi viatu akamgeukia Mama Pindo. "Wewe, una hakika?"

Jamani, hapo alipewa nafasi. Angesema, "Nimesikia maneno tu, sikuona kitu." Angesema, "Tumtafuteni mama kwanza." Macho ya watu wote yalikuwa kwake, na kwa mara ya kwanza alikuwa yumo ndani ya kisa, si msikilizaji tena.

"Nimemsikia kwa masikio yangu," alisema. "Anamwambia mwenzake kwamba amemmaliza, aje amchukue."

Yaliyofuata siyaelezi. Kuna watu hupenda sehemu hiyo, wakaitafute kwingine.

Walikuwa bado hawajachoka Cheche alipofika, miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso, simu mkononi, anatabasamu, maana umati ulimzuia kuona.

"Mama yuko wapi? Mashine ilikuwa inapiga kelele, ndiyo kwanza nimesikia mwanzo wa ujumbe wa Kimya, nikaja."

"Ujumbe gani?" mkewe akauliza.

Cheche akafungua simu. Ujumbe ukasema mbele ya wote:

"Cheche, ndugu yangu, mama yuko hapa kwangu. Kaja mwenyewe, anasema kichwa kinamwasha nimnyoe zote. Nyuma ya sikio alikuwa na kipele kimepasuka, ametoka damu kidogo, si nyingi. Nimeshammaliza. Njoo umchukue haraka, mimi nasafisha hapa, lakini anataka kuondoka na sitaki aende peke yake..."

Kisha ndani ya simu likasikika yowe la Mama Pindo. Na baada ya yowe, sauti ya Bi Mkubwa, shwari kabisa: "Nani huyo analia? Kafiwa?"

Mawe yakaanguka yenyewe kutoka mikononi mwa watu. Fundi viatu aliitazama nyundo yake kama vile kapewa na mtu. Mmoja alikumbuka ameacha maji motoni, mwingine alikumbuka mtoto, na mara mlangoni hapo hapakuwa na mtu ila Mama Pindo, muuza mkaa, na Cheche aliyekuwa amepiga magoti kando ya kinyozi.

"Kimya, nisamehe ndugu yangu. Mama alikuwa anataka kwenda wapi?"

Taya lilikuwa limevunjika. Kimya alifungua mdomo, halikutoka neno. Akainua mkono kwa shida, akauvuta na kuusukuma, akauvuta na kuusukuma.

"Msumeno," Cheche akasema. "Kiwanda cha mbao! Baba alifanya kazi kiwanda cha mbao!"

Kiwanda hicho kilifungwa zamani, kimebaki kuta na bwawa walilokuwa wakilowekea magogo, na ndani ya bwawa hilo kuna tope lisilomwachia mtu. Muuza mkaa alikimbia kutafuta gari la kumpeleka Kimya hospitali. Mume na mke wakakimbilia bwawani. Njia nzima Mama Pindo aliomba, "Awe hai, Mungu wangu, awe hai tu," na hakujua kati ya wale wawili anamwombea nani.

Walimkuta Bi Mkubwa ukingoni, kichwa kinang'aa, miguu imezama topeni hadi magotini, anahangaika kuinyanyua bila kufanikiwa. Jua lilikuwa linazama. Cheche alilala kifudifudi akamvuta.

"Afadhali mmekuja," bibi akasema. "Kengele imelia zamani, na baba yenu hatoki."

Kimya alifariki siku ya pili. Dada yake alikuja kuchukua maiti, mwanamke mpole kama yeye, na mtaani aliuliza swali moja tu: "Alimkosea nani?"

Polisi walipouliza, kila mtu alikuwa kwingine. Waosha magari walikuwa wanakula, fundi viatu alikuwa anaoga. Mama Pindo alikiri kwamba yowe lilikuwa lake. Alipotakiwa kuwataja waliopiga, alitazama dirishani, akawaona wamesimama nje wanamtazama, naye akasema hakuona vizuri. Kwa hiyo faili liko wazi hadi leo. Mtu aliuawa mchana, mtaa mzima upo, na muuaji hajulikani.

Cheche huja kula na mama yake, kisha hurudi kulala karakanani. Na nywele za Bi Mkubwa, kama nywele zote, huota.

"Mkamwana," husema, "kichwa kinaniwasha. Nipeleke kwa yule kijana. Ana mkono mwepesi."

Mara ya kwanza Mama Pindo alimwambia kweli. "Amefariki, mama." Bibi akalia kwa uchungu, akajifunika uso. Kesho yake alikuwa amesahau, akaomba tena kupelekwa. Mama Pindo akajaribu kudanganya kwamba kijana kasafiri, bibi akajifunga mtandio, akakaa mlangoni kumngoja. Basi huambiwa ukweli upya, na kila mara msiba kwake ni mpya, na kila mara hukausha machozi na kumuuliza mkamwana wake: "Nani kamuua?"

FUNZO

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Sikatazi kusikiliza kesi za mauaji, maana waliouawa wana haki ya kukumbukwa. Lakini kinachoingia sikioni kutwa kucha hatimaye hushika usukani, ukaanza kumwona muuaji kwa kila mtu mpole asiyekupigia soga. Neno ulilolisikia nusu, kalitafute nusu yake ya pili kabla hujalipeleka barabarani. Fungua pazia, utazame. Ukikuta ubaya, piga yowe, tutakuja.

Na nyinyi mnaokuja mbio na mawe, mnasema mlidanganywa na mwanamke. Mwanamke alikuwa na ulimi tu, mikono ilikuwa yenu. Mtu akipotea mtaani kwenu, mtafuteni yeye kwanza, kwa miguu na kwa kuulizana, angali hai. Bi Mkubwa alikuwa anazama topeni wakati nyote mmesimama kwa kinyozi mkilipiza kifo chake.