Kikombe cha Risasi Mbili

Ndugu zangu, wenye bunduki nyumbani na msio nayo, nipeni masikio. Kisa chenyewe si kirefu, lakini kimemgharimu mtu mkono wake wa kulia, kwa hiyo naomba asiwepo wa kunisikiliza huku anachezea simu.

Mwanamume mwenyewe alikuwa mfugaji wa kuku, na kwa kuwa hakuonekana njiani bila trei za mayai nyuma ya baiskeli, mtaa mzima ulimwita Baba Trei. Alikuwa mtu wa watu, mcheshi, asiyeweka kinyongo. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: alipenda vitu vya bei nafuu, na akishavipata alipenda kuvisifia. Viatu, koleo, redio, vyote alivipata kwa bei ya kutupa na vyote alikutangazia kwamba vitamzika yeye. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Sebule yao waliigawa kwa ukuta wa mbao nyembamba, upande huu viti na meza ya chakula, upande ule cherehani, pasi na vitambaa. Ukikaa kunywa chai ulisikia cherehani nyuma ya mbao ikinguruma, ikinyamaza, ikiendelea tena. Baba Trei alizoea kusema kwamba akiusikia mlio huo anajua nyumba yake ni nzima.

Jumapili hiyo cherehani ilianza kulia mapema. Binti yao wa pekee alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu, na mama mtu alikuwa ameapa kwamba gauni la mwanawe halitaguswa na fundi mwingine. Kiuno kilikuwa tayari, pindo lilikuwa tayari, mkono wa kushoto ulikuwa tayari. Ulibaki mkono wa kulia na vifungo. Nje kuku waliparura vumbi, jua lilikuwa la upole, na binti alikuwa jikoni akiimba vibaya kama kawaida yake.

Sasa tuje kwenye bunduki. Miaka miwili nyuma, mwewe na nguchiro walikuwa wamemlia Baba Trei kuku hadi akakonda yeye. Akaomba kibali, akapata, akaenda dukani. Muuzaji akamtolea bunduki fupi ya mitutu miwili, isiyo na nakshi wala mbwembwe, akamwambia kwamba ni rahisi, ni imara, na kwa ufupi wake haimsumbui mtu kuibeba wala kuiweka. Baba Trei alirudi na maneno hayo ameyakariri yote. Na tuseme ukweli, bunduki haikumwangusha. Ilinyeshewa, ilidondoka kwenye matope ya bandani, siku moja hata baiskeli iliikanyaga, na bado ilifyatuka kama siku ya kwanza. Nguchiro walihama. Kwa ufupi wake ilining'inia vizuri kwenye misumari miwili nyuma ya mlango wa sebule.

Mkewe hakuipenda ile misumari. Alitaka sanduku la chuma lenye kufuli, na alilitaja mara nyingi. Baba Trei alicheka, akamjibu kwamba sanduku linauzwa ghali kuliko bunduki yenyewe, na ni nani amewahi kununua kofia ya bei kuliko kichwa? Watu waliokuwepo walicheka pia. Nami ningecheka, maana alijua kusema.

Badala ya sanduku wakajitungia utaratibu wao. Juu ya ile misumari palikuwa na rafu, na juu ya rafu kikombe cha bati cha rangi ya bluu. Baba Trei akirudi kutoka bandani huikunja bunduki katikati hadi mitutu ifunguke nyuma, hutoa risasi zake mbili, huzidondosha kikombeni moja baada ya nyingine. Kila mtu nyumbani aliujua mlio wake. Ukikuta risasi mbili kikombeni, bunduki ni tupu. Ukikuta kikombe kitupu, usiiguse. Kwa miaka miwili kikombe hakikusema uongo hata mara moja. Mimi siwalaumu kwa kuubuni utaratibu huo, kwa sababu walijali. Nawalaumu kwa kufika mahali pa kukiamini kikombe kuliko macho yao.

Wiki ile mwewe mmoja alikuwa amerudi, mjanja, mwenye kusubiri mtu apige kwanza ndipo ashuke. Kwa ajili yake Baba Trei akaanza kuweka risasi mbili za akiba kwenye mfuko wa koti lake la kazi. Hakumwambia mtu, kwani lilikuwa jambo la kutangaza? Asubuhi hiyo ya Jumapili mwewe akaja. Baba Trei akampiga kwa mtutu mmoja, akamkosa, akabaki kumtukana anavyopaa. Kabla hajamaliza matusi, mama mwenye mgahawa akagonga geti, ana haraka, anataka trei sita. Baba Trei akaingia, akaitundika bunduki kwenye misumari vilevile ilivyokuwa, mtutu mmoja una ganda tupu la risasi iliyokwisha pigwa, mwingine una risasi nzima. Alijiambia kwamba atairudia baada ya dakika mbili. Akavua koti, akalitupa kitini, akatoka kuhesabu mayai. Mayai yana maneno mengi. Kuna lililo na ufa, kuna dogo, kuna soga za mtaani. Mteja alipoondoka, habari ya bunduki ilikuwa imeshamtoka kichwani.

Huku ndani mkewe aliinuka kunyoosha mgongo, akaliona koti kitini na mfuko wake umechanika. Fundi hawezi kupita mbele ya mshono uliofumuka. Akalichukua alishone, na alipokung'uta mfuko zikaanguka risasi mbili mapajani mwake. Alijua mahali pa risasi nyumba ile. Akaenda akazitia kikombeni, moja, mbili, akarudi kwenye mkono wa kulia wa gauni la mwanawe.

Adhuhuri akaja mdogo wake Baba Trei, mwenye bucha, na gari lake la kubebea nyama. Alikuja kula, kama kila Jumapili, lakini siku hiyo alikuwa na neno. Mbwa wasio na wenyewe walikuwa wanamsumbua pale machinjioni, na alitaka kujua ile bunduki ya kaka yake ni kitu cha kweli au ni sifa tu. Mngeuona uso wa Baba Trei. Alingojea swali hilo miaka miwili. Aliinuka hata kabla hajamaliza kutafuna, akanyoosha shingo, akachungulia kikombeni.

"Tupu," akasema, akaishusha.

Akampa mdogo wake mhadhara wote wa dukani, urahisi, uimara, ufupi. Akakipiga kitako chake sakafuni mara mbili kumwonyesha kwamba hailegei. Mdogo wake akauliza kama chuma cha bei ile hakiliwi na kutu ndani, pale kwenye vifyatulio.

"Wewe sikiliza mwenyewe," akasema Baba Trei.

Hapa nataka mumtazame vizuri, kwa sababu hakuwa mwendawazimu. Binti alikuwa anaingia na sahani, basi akageuza mitutu isimwelekee. Mdogo wake alikuwa kushoto, akaigeuza isimwelekee na yeye pia. Ikaelekea ukuta wa mbao, mahali ambapo hapakuwa na mtu machoni pake. Akafyatua mtutu wa kwanza, ule wenye ganda. Chuma kikalia kikavu na safi, mdogo wake akatikisa kichwa kwa kuridhika. Angeikunja tu kwa wakati huo, angeiona risasi nzima kwenye mtutu wa pili. Badala yake akafyatua wa pili.

Vumbi na moshi vilipotulia, kwenye mbao palikuwa na tundu la ukubwa wa sahani. Baba Trei alisimama na bunduki mkononi, masikio yanavuma, akisubiri kitu na hajui anasubiri nini. Kisha akajua. Cherehani ilikuwa haisikiki.

Binti ndiye aliyefika kwanza. Mama yake alikuwa sakafuni kando ya kiti, macho wazi, mkono wa kulia kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko umechanwachanwa. Kazini kwao binti alikuwa amefundishwa huduma ya kwanza, na alikuwa ameona somo hilo ni la kupoteza muda. Alivuta kitambaa cha karibu, nacho kilikuwa mkanda mweupe wa gauni lake, akaufunga mkono wa mama yake juu ya kiwiko, akakaza, akakaza tena. Baba mdogo akambeba shemeji yake mikononi hadi kwenye gari la nyama. Baba Trei alipanda nyuma, akakishikilia kichwa cha mkewe njia nzima, akirudia jina alilokuwa akimwita walipokuwa wachumba.

Madaktari walikaa naye chumba cha upasuaji kwa muda wa saa nne. Maisha yake yaliokolewa, na mkono haukukatwa. Vidole vitatu, walisema, havitafunga tena.

Siku ya tatu mgonjwa alipopata nguvu za kuongea, Baba Trei alikuwa kitini pembeni yake, hajanyoa, hajala cha maana. Alilibeba neno lile moja siku zote tatu.

"Mke wangu, kikombe kilikuwa na risasi mbili. Nilichungulia. Zilikuwa mbili."

"Nilizitia mimi," mkewe akasema. "Zilikuwa kwenye mfuko wa koti lako."

Baba Trei akainua kichwa. Sitawaficha, kwa kitambo kidogo moyo wake ulipata nafuu, maana aliona mahali pa kuutua ule mzigo. Akafungua mdomo.

"Kumbe ni..."

"Usimalizie," mkewe akamkatiza, si kwa ukali. "Ulikiuliza kikombe, baba. Bunduki ilikuwa mikononi mwako, hukuiuliza."

Baba Trei aliinama, akaweka paji la uso kwenye ukingo wa kitanda, akalia kwa sauti mbele ya wagonjwa wote wa wodi ile. Mkewe akamwekea kichwani mkono uliobaki mzima. Alikuwa na hasira naye, na alimhurumia, vyote viwili kwa pamoja, kama wanavyojua watu waliooana siku nyingi.

Binti aliolewa wiki ileile iliyopangwa, kwa sababu mama yake alikataa tarehe isogezwe. Mkono wa kulia wa gauni aliushona bibi harusi mwenyewe, mama yake amekaa kando akimwelekeza kwa maneno, punguza, geuza, usivute. Mshono ulikwenda upande. Fundi yule, aliyewahi kumfumulia mteja gauni zima kwa mshono wa aina hiyo, aliutazama muda mrefu, akasema uachwe hivyo hivyo.

Bunduki Baba Trei aliipeleka kituo cha polisi, ameifunga kwenye gunia. Askari aliyeipokea, kabla ya salamu kumalizika, aliikunja na kuchungulia mitutu yote miwili. Kisha akaigeuzageuza, akaipangusa kwa kiganja.

"Ni nzima kabisa, mzee," akasema. "Hata mkwaruzo haina. Hii itawazika wengi."

Zamani maneno hayo yangemfurahisha kuliko chakula. Siku hiyo aliweka sahihi yake pale alipoonyeshwa, akapanda baiskeli, akarudi nyumbani. Alipofika uani alisikia cherehani. Mkewe alikuwa anajifundisha kutumia mkono wa kushoto. Ilinguruma kidogo ikasimama, ikanguruma kidogo ikasimama, na ilisimama zaidi kuliko ilivyokwenda. Baba Trei alikaa kizingitini akaisikiliza hadi kuku wakaingia wenyewe bandani.

MAFUNZO

Ndugu zangu, msiniambie ajali haina kinga. Hii ilikuwa nazo mbili. Ya kwanza ni kufuli, iliyoonekana ghali kwa sababu waliipima kwa bei ya bunduki badala ya kuipima kwa mkono wa mama mwenye nyumba. Ya pili haiuzwi dukani: ni kuikunja bunduki na kutazama ndani yake kila unapoishika, hata kama uliitazama sasa hivi, hata kama mtu unayemwamini amekuapia kuwa ni tupu. Na hata ukiwa umetazama, usiifyatue kwa maonyesho, wala usiuelekeze mtutu kwenye ukuta ambao hujui nyuma yake amekaa nani.

Kwamba silaha ni nafuu, fupi na ngumu si sifa ya kutuliza moyo. Kilicho kigumu hakichoki kungojea, na kitakapokosewa hakitavunjika chenyewe, atavunjika mtu. Ajuaye jirani mwenye kikombe kama kile, au kopo, au droo, au neno la "hii huwa tupu siku zote", akamweleze leo. Asiposikia, mpelekeni kwa Baba Trei. Siku hizi hasifii kitu chochote, lakini atawakalisha sebuleni mbele ya ule ukuta wa mbao, ambao amekataa kuuziba tundu lake, na atawaacha msikilize cherehani.