Kepher Anasema Baba Amepona

Alfayo Oyoo alifanya kazi katika kiwanda cha chai huko Kericho. Kila siku alitandaza majani mabichi kwenye chumba cha juu ili yanyauke. Jioni alirudi kwenye kambi ya wafanyakazi akinuka chai. Mkewe, Wilkista, alimpa maji ya kuoga, kisha ugali na omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Walitoka upande wa ziwani zamani kidogo, lakini omena hawakuiacha.

Mtoto wao Kepher alikuwa amemaliza shule ya misheni. Mwaka huo, 1936, alipata nafasi ya kwenda Uganda kusomea udaktari. Katika kambi nzima hakuna kijana mwingine aliyewahi kupata nafasi kama hiyo.

Kepher alikuwa na sababu zake za kutaka udaktari. Siku moja daktari wa serikali alikuja kambini kwa motokaa. Watu wote walisimama. Hata meneja alivua kofia. Kisha daktari akaletewa kiti, akakaa peke yake huku wengine wote wakiwa wima. Kepher alikiangalia kile kiti, akaamua.

Wilkista hakungoja mtoto aende Uganda. Alishona koti la daktari kwa magunia meupe ya unga. Mgongoni maandishi ya unga yalikataa kutoka, hata baada ya kufuliwa mara nyingi.

"Vaa tu," alisema mama. "Mgonjwa anaona mbele."

Habari zikaenea. Asubuhi watu walikuja mlangoni. Mama Gesare, jirani yao mzee kutoka Kisii, alileta goti lake. Momanyi, jirani mwingine, alileta mgongo. Kepher hakujua dawa ya goti wala ya mgongo. Lakini aliona haya kusema hajui. Kwa hiyo aligusa, akafunga macho kidogo, akatikisa kichwa polepole kama mtu anayekubali.

"Itapungua," alisema.

"Huyu amesoma," Gesare alisema akienda zake, akichechemea vilevile.

Mvua zilipoanza, Alfayo alishikwa na homa. Alikwenda dispensari ya kampuni. Dresa pale, yaani msaidizi wa tiba, aliitwa Mokaya. Mokaya alimpa vidonge vya kwinini, akamwambia avimeze mpaka viishe.

Kwinini ni chungu sana. Alfayo alimeza kwa muda mfupi, homa ikashuka. Akamwita mtoto wake.

"Daktari, niangalie. Mimi naona niko sawa."

Kepher alivaa koti. Akamshika baba paji la uso. Halikuwa na joto. Akatikisa kichwa.

"Baba, umepona."

Alfayo alifurahi sana. Vidonge vilivyobaki akavigawa. Vingine alimpa Momanyi kwa ajili ya mgongo, naye Momanyi akampa tumbako. Vingine akavificha chini ya godoro.

"Homa ikirudi mwakani, haitanikuta mikono mitupu," alimwambia mkewe.

Jumapili wote walikwenda kanisani. Mhubiri alimwita Kepher asimame mbele na koti lake. Alisema Mungu ameipa kambi daktari. Watu wakapiga makofi. Wakati huohuo Alfayo alianza kutetemeka. Alitetemeka mpaka benchi zima likatetemeka, pamoja na Momanyi aliyekaa mwisho.

"Roho ameshuka," alisema mhubiri.

Wanawake wakaimba kwa nguvu zaidi. Alfayo akazidi kutetemeka. Meno yake yaligongana kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Gesare, aliyekaa karibu naye, aliweka mkono shingoni mwake. Akauondoa upesi.

"Imbeni mkitaka," alisema Gesare. "Lakini huyu mtu anaungua."

Kepher alikimbia kutoka mbele. Baba yake alimtazama, lakini hakumjua. Alimwita Oloo. Oloo alikuwa ndugu ya Alfayo, na alikufa kwa homa kabla Kepher hajazaliwa.

Momanyi na wanaume wengine walimbeba Alfayo mpaka dispensari. Mokaya alitoka nyumbani kwake akiwa bado anatafuna. Alimpima Alfayo joto, akamnywesha dawa, akamlaza. Wilkista akakaa kando ya kitanda na kitambaa chenye maji. Ndipo Mokaya akageuka.

"Alimaliza vidonge?"

"Alipona," Wilkista alisema. "Daktari alisema amepona."

"Daktari gani?"

Wilkista akamwangalia Kepher. Kepher akaangalia sakafu.

"Ulimpima namna gani?" Mokaya aliuliza.

"Nilimshika paji la uso."

"Halafu?"

"Nikatikisa kichwa."

"Ulimuuliza kama amemaliza dawa?"

"Sikumuuliza."

Mokaya hakumgombeza. Alivuta kigoda akamwambia akae.

"Sikia, ndugu yangu. Wadudu wa malaria wako ndani ya damu. Dawa ya kwanza inaua wengi, na joto linashuka. Mgonjwa anajiona mzima. Lakini wengine bado wako hai. Ukiacha dawa, wanazaana tena. Ndiyo maana tunasema maliza, hata ukijisikia vizuri. Na usimpe mtu mwingine, hasa mwenye mgongo."

Momanyi, aliyesimama mlangoni, alikohoa kidogo.

"Mimi sikujua," alisema Kepher.

"Mimi pia sikujua kabla ya kufundishwa. Kutojua si kosa lako. Kosa ni kule kusema amepona."

Kepher alivua koti, akalikunja, maandishi yakabaki ndani.

Kesho yake Alfayo alimjua mtoto wake na akaomba uji. Wilkista alilia kidogo, kisha akamgombeza mumewe mpaka uji ukapoa. Mokaya alimruhusu Alfayo kurudi nyumbani, lakini dawa alimkabidhi Kepher.

Haikuwa kazi rahisi. Alfayo aliweza kuficha kidonge ndani ya shavu.

"Umemeza, baba?"

"Mm."

"Sema jina lako lote."

"Afffayo."

"Meza, baba."

Alfayo alimeza, akakunja uso wote. "Huko Uganda watakufundisha ukatili zaidi," alisema.

Lakini vidonge viliisha, na homa haikurudi.

Mokaya alikuja pia kuangalia nyumba. Nyuma ya jiko palikuwa na pipa la maji ya mvua, bila kifuniko. Alimwita Kepher achungulie. Vidudu vyembamba vilikuwa vinacheza majini.

"Hawa ni watoto wa mbu," alisema Mokaya. "Wakikua, wanatoka usiku. Mbu akimuuma mgonjwa, kisha akakuuma wewe, anakuletea malaria. Mnawafuga wenyewe."

Wilkista aliona haya, maana alikuwa akilisifu pipa lile kwa majirani. Siku hiyohiyo alimwaga maji, akasugua pipa, akalifunika kwa kitambaa kilichofungwa vizuri. Kepher alikwenda nyumba kwa nyumba na jembe. Alifukia madimbwi, akapindua makopo yaliyoshika maji. Watu walipomwonyesha magoti na migongo, alisema, "Sijui bado. Twende kwa Mokaya." Gesare alikwenda, akapata dawa ya kuchua, na goti likapata nafuu. Mvua ziliendelea, lakini walioshikwa na homa katika kambi ile walikuwa wachache kuliko mwaka uliopita. Aliyeshikwa alikwenda dispensari siku ileile, na alimaliza dawa.

Kepher akasafiri. Huko chuoni, mwalimu wao aliwauliza wanafunzi wapya kwa nini wanataka kuwa madaktari. Mmoja alisema anataka kusaidia taifa. Mwingine alisema mjomba wake alimwamuru. Zamu ya Kepher ikafika.

"Baba yangu alikuwa mgonjwa," alisema. "Nikamwambia amepona. Aliniamini, akaacha dawa. Nataka siku nyingine nikimwambia mtu amepona, awe amepona kweli."

Mwalimu aliweka kalamu chini.

"Pole. Na baba yako, yuko hai?"

"Yuko hai, mwalimu. Alinisindikiza mpaka stesheni, akala nusu ya chakula changu cha safari."