Kasi ya Kumkomoa Wakala

Ndugu zangu mnaotembea na donge kooni, hili linawahusu. Na wewe unayesema huna kinyongo na mtu, kaa papo hapo usikilize, maana mwanamke ninayemsimulia naye aliapa hivyo hivyo, na wala hakuwa mwongo siku alipoapa.

Ilikuwa alasiri tulivu. Mama, fundi cherehani, alikuwa chumba cha mbele akipinda gauni la mteja, na mjukuu wake wa miezi tisa amelala kwenye mkeka kando yake. Uani mabinti zake wawili walikuwa wanaosha viatu vya mazoezi. Mkubwa alisugua soli kwa mswaki mkuukuu, mdogo akajaza magazeti ndani ili vikauke bila kupinda.

"Dada, unavisugua utadhani unamwogesha mwanao."

"Mwanangu hanuki kama miguu yako."

Wakacheka mpaka mama akawagombeza wasimwamshe mtoto. Wote wawili walikuwa wakimbiaji wa mbio ndefu. Mkubwa aliitwa Mizani, kwa sababu ukimwambia akimbie kila kilomita kwa dakika tatu na sekunde ishirini, hazidishi wala hapunguzi, hata njia ipande mlima. Mdogo aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba wa nyumba ile.

Kwa miaka mitano Mizani ndiye aliyeibeba nyumba. Kampuni moja kubwa ya viatu ilimlipa akimbie na viatu vyake, na paa, cherehani na karo ya Kitinda vyote vilitoka kwenye miguu yake. Kisha akapata mimba. Mkataba wa viatu ulisema hivi: mkimbiaji akikaa miezi kumi na miwili bila kushindana, anatolewa, isipokuwa kama kampuni imeandikiwa barua yenye sababu. Wakala wake, yule aliyemsainisha mkataba huo, alimwambia, "Wewe mama lea mimba yako. Barua nitaandika mimi. Kazi yangu ni nini sasa?"

Mizani hakuiona barua hiyo, wala hakuiulizia. Mtoto alipotimiza miezi minne, wakala akaja na uso wa msiba. "Kampuni imekukata. Hawa watu hawana shukrani kabisa." Mwezi uleule kampuni ileile ikamsajili Kitinda. Mizani alimeza uchungu, akasema heri kimebaki nyumbani. Alipopata nguvu, akawa sungura wa mdogo wake. Msishangae, ndivyo wakimbiaji wanavyomwita mtu anayelipwa kutangulia mbele na kuweka kasi, kisha akifika kilomita aliyopangiwa anatoka barabarani na kuwaachia wenzake mbio.

Alasiri hiyo hiyo, viatu vikiwa bado vinachuruzika maji, mwakilishi wa kampuni alibisha hodi. Alikuwa mwanamke mpole mwenye mkoba, amekuja kupima nyayo za Kitinda kwa ajili ya kiatu kipya kitakachozinduliwa kwenye mashindano ya jiji, mbio za kilomita arobaini na mbili. Kitinda akaingia ndani kunawa miguu. Mwakilishi akamtazama Mizani kwa masikitiko.

"Dada, ulituacha bila hata kuaga. Tulikungoja mpaka siku ya mwisho."

"Mlingoja nini? Si mliandikiwa barua kwamba nina mimba?"

"Barua gani? Hatukupata barua. Wakala wako alisema umeacha riadha, na kwamba nafasi yako unamrithisha mdogo wako, naye akachukua fungu lake la mkataba mpya."

Mizani akaelewa kuwa barua haikuandikwa kamwe. Mwakilishi naye akaelewa, akashusha sauti. "Andika malalamiko. Kamati ya riadha inakaa mwezi ujao, baada ya mashindano. Nitakuja kutoa ushahidi mimi mwenyewe, na yule mtu atanyang'anywa kibali."

Mwezi ujao! Jamani, mwenye hasira ukimwambia mwezi ujao ni sawa na kumwambia ahera. Mizani alijibu, "Nitafikiria," lakini alikuwa amekwisha kufikiria. Alitaka kumwona yule mtu akiumia kwa macho yake, mbele za watu, na mkono uliomuumiza uwe wake yeye.

Na Kitinda je? Alijua au hakujua? Hapo ndipo shetani alipoketi. "Alijua," Mizani alijiambia. "Alisaini karatasi yenye viatu vyangu, atakosaje kujua?" Chumba cha mdogo wake kilikuwa upande wa pili wa korido. Angetembea hatua saba tu akamuuliza. Hakuuliza. Mtu aliyeamua kukasirika huogopa kuuliza, asije akapata jibu la kumpoza.

Wiki iliyofuata wakala alikuja kwenye kambi yao ya mazoezi, miwani juu ya kichwa, akagawa maagizo. Kitinda akishinda na kile kiatu kipya, alisema, kampuni itamkabidhi yeye wakala wakimbiaji wote wa kambi. Akamgeukia Mizani. "Wewe, kilomita ishirini na tano, kisha unatoka. Tatu na ishirini, kama kawaida." Halafu akampigapiga begani. "Unajua mama, kila mtu na zama zake."

Wallahi, hata mimi ninayesimulia mkono unaniwasha. Mizani alitabasamu, akasema, "Hewala." Moyoni alisema, utanitambua.

Alipanga hivi. Kitinda hakuwahi kuvaa saa kwenye mbio. Kocha alimkataza tangu utotoni, kwa kuwa akiona dakika zinakimbia anababaika. Gari la mbele huwa na saa kubwa, lakini yeye alifundishwa kuitazama shingo ya dada yake, basi. Saa ilikuwa mkononi mwa Mizani, na akili ya mbio nzima ilikuwa kichwani mwake. Akiongeza kasi kwa sekunde nane kila kilomita, Kitinda atakatika pumzi kwenye ya ishirini na nane, atapunguza mwendo, atatembea, na wakala atabaki na kiatu chake mkononi mbele ya matajiri wake. "Mdogo wangu atachoka tu," alijiambia. "Kuchoka si kufa. Na kidogo yamfike."

Siku ya mashindano ilianza kwa baridi nzuri. Mizani akatoka kwa kasi, na kundi zima la wanawake likamfuata, maana jina lake lilitosha kuwa dhamana. Kilomita tano. Kumi. Miguu yake mwenyewe ilikuwa inawaka moto, lakini hasira ilikuwa tamu kuliko maji ya kwenye meza za njiani. Alikuwa anamwona wakala akilini, akijikuna kichwa kwenye jukwaa la wageni, na kila alipomwona aliongeza.

Kilomita ya kumi na tano Kitinda alisogea karibu, akihema. "Dada, tuko sawa?"

Ndugu zangu, mlango wa mwisho ulifunguliwa pale. Mizani aliitazama saa. Akaona sekunde zote alizoiba.

"Tuko sawa," alisema. "Nifuate."

Kilomita ya ishirini na tano alitoka pembeni, akajitapikia kando ya barabara, akafunikwa blanketi, akapanda basi la waliotoka mbioni. Alitaka kuwahi mwisho. Alitaka kukaa pale wakala atakapomwona vizuri. Alikuwa akicheka peke yake, mpaka jirani yake akamuuliza kama ni homa.

Basi lilisimama kilomita ya thelathini na tatu kwa sababu gari la wagonjwa liliziba njia. Kitinda alikuwa amelala ubavu kwenye ukingo wa barabara, ameshika kisigino kwa mikono miwili, analia bila sauti. Mizani aliruka chini. Mhudumu wa Msalaba Mwekundu akamzuia kwa kiwiko.

"Kano ya kisigino imekatika," mhudumu alisema. "Amekimbia kilomita tatu akichechemea. Tumemwambia aache, amekataa. Anasema dada yake kamwambia wako sawa."

Mizani alikuwa amehesabu kila kitu isipokuwa imani ya mdogo wake. Wakimbiaji wengine walipoona mambo yamezidi walijinusuru, wakapunguza. Kitinda hakupunguza, kwani neno la dada yake lilikuwa zito kuliko maumivu yake mwenyewe.

Na wakala? Hapa ndipo ninapotamani kuongopa, niwaambie aliaibika. Wakala alikuwa na msichana mwingine kutoka kambi ya pili, aliyechelewa kuanza na kuachwa nyuma tangu mwanzo, amevaa kiatu kilekile. Kasi ya Mizani iliwamaliza wote waliokuwa mbele. Yule wa nyuma akawapita mmoja mmoja akashinda. Wakala alipigwa picha ameinua kiatu juu. Alipomwona Mizani hospitalini alimnong'oneza, "Asante, mama. Umenifagilia njia."

Mwezi uliofuata kamati ilikaa. Mizani aliandika malalamiko yake, na mwakilishi wa viatu alikuja kama alivyoahidi. Lakini wakala aliweka mezani karatasi moja tu, yenye muda wa kila kilomita ya mashindano yale. "Huyu ndiye mnayetaka kumwamini?" aliuliza. "Sungura aliyemvunja mguu ndugu yake wa damu?" Mwakilishi akainamisha kichwa. Mwenyekiti akamuuliza Mizani kama saa yake siku ile ilikuwa mbovu, naye akakiri kwamba ilikuwa nzima. Malalamiko yalitupwa, na yeye akafungiwa kuweka kasi popote.

Alirudi nyumbani, na safari hii akatembea zile hatua saba za korido. Kitinda, aliyetoka hospitali jana yake, alikuwa kitandani, mguu umefungwa plasta hadi gotini. Mama alikuwa anampepea. Daktari alikuwa amesema atatembea, ila mbio azisahau.

"Dada," Kitinda alisema, "nilipokuuliza kilomita ya kumi na tano, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Kwa nini?"

Mizani akamwaga yote: barua, wakala, maneno ya mwakilishi. "Nilidhani mlipanga pamoja naye," alimaliza. "Nilidhani ulijua."

Kitinda alimkodolea macho. "Aliniambia wewe ndiye uliyenichagua. Kwamba umechoka kukimbia, na umenibariki. Nikaona haya kukugusia, nisije nikakutonesha kidonda. Ungeniuliza tu, dada! Ningevivua viatu vyao siku ile ile. Ningekuja nawe kwenye hiyo kamati."

Mizani alipiga magoti, akataka kuushika mguu. Kitinda akauvuta.

"Mama, mwambie atoke."

Mama aliweka upepeo chini. Hakupaza sauti. "Nilikuzaa wewe kwanza ili umtangulie mwenzako," alisema. "Toka, mwanangu. Mwache apumzike."

FUNZO

Kwanza nimalizane na mawakala, kwa kuwa wapo wanaonisikia. Nyinyi mnaokula jasho la binti anayelea mimba, chakula hicho kiwakwame, na laana ya mama fundi cherehani iwafuate mpaka kwenye majukwaa yenu. Simpendi yule mtu na sitajifanya nampenda. Nanyi wakimbiaji, mkataba usomeni kabla kalamu haijagusa karatasi, na mtu akisema nitakuandikia barua, simama nyuma yake aandike, kisha uchukue nakala.

Lakini sikuwaita hapa kwa sababu ya wakala. Nimewaita kwa sababu ya Mizani, aliyekuwa na haki yote mkononi na shahidi mlangoni, akavitupa vyote kwa utamu wa asubuhi moja. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Ukidhulumiwa, dai. Piga kelele, andika, shtaki, usiache hata siku moja kumsumbua aliyekudhulumu. Ila usimpige kwa kutumia mwili wa mtu anayekuamini, na kabla hujamhukumu ndugu yako, muulize.

Yule wakala leo ana kambi tatu. Kitinda hushona na mama yake, na hutembea polepole hadi sokoni kununua nyuzi. Akikutana njiani na Mizani, aliyehama nyumbani na mtoto wake, husimama, huinama, humsalimia mtoto tu, kisha huendelea na safari yake.