Rubani Aliyehitaji Mtu wa Kwanza

Jioni hiyo mimi na mama mkwe wangu, Yunia, tulikuwa malishoni karibu na Kapsoit, tukichoma majani mabichi. Moshi humwonyesha rubani upepo unakoelekea. Mwanangu Kipsang alikuwa mgongoni mwangu, akipumua kwa shida. Mvua ilikuwa imebeba daraja, kwa hiyo karani wa shamba la chai aliwapigia simu wale marubani Wazungu wa kujitolea, wanaopeleka wagonjwa Nairobi bure.

"Mzungu abebe mtoto wetu bure?" nilinong'ona.

"Ungemlipa nini, Chepyegon? Hiyo aibu yako?" Yunia alicheka.

Ndege ikashuka.

Moshi haukutikisika. Kulikuwa na ng'ombe mmoja tuliyesahau kumfukuza. Ndege ilipita karibu naye... akaendelea kula.

"Ng'ombe gani huyo asiyeshtuka?" nilimuuliza Yunia.

Rubani alikuja. Kijana, koti limelowa. Alinuka udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Najiunga leo," alisema polepole. "Nipe mtoto. Wewe baki."

"Watoto wengine huenda na mama."

"Nafasi ni moja... Nikirudi bila mtu, hawatanikubali."

Kipsang alikohoa. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Mpe!" Yunia alifoka. "Unamwamini ng'ombe kuliko mtu?"

Nilirudi nyuma. "Simpi."

Hakukasirika. Alinyosha mikono, akingoja.

Ndipo nikasikia ngurumo juu ya mashamba ya chai. Ndege nyingine! Ile ya kwanza haikuwa na sauti hata kidogo. Nilipogeuka, kijana na ndege yake hawakuonekana. Hii ilipotua, moshi ulilala chini, ng'ombe akatoroka mkia juu. Yunia alikimbilia moto usizimike. Rubani wake, mzee mnene, alituvuta ndani, mimi na mtoto.

Nilimweleza juu ya kijana mwenye koti lililolowa. Mikono yake ikasimama kwenye mkanda.

"Aliomba kujiunga nasi," alisema. "Tulimwambia abebe mtu mmoja kwanza, ndipo tumkubali. Ndege yake ilianguka mtoni akienda kumchukua mtu huyo, akafa."

Tulipaa. Nilichungulia nimpungie Yunia mkono. Moto ulikuwepo.

Yeye hakuwepo.

Kando yetu iliruka ndege nyingine, kimya. Yunia alikuwa ameketi ndani, mikono mapajani, akitazama mbele.

Kipsang alipona. Mume wangu, Kipkemboi, alimtafuta mama yake hadi Soin, hakumpata. Sijamwambia nilichoona, wala alichoninong'oneza yule mzee tukiwa bado angani, akigeuza uso asitazame nje:

"Sasa itabidi tumkubali."