Kidole Mdomoni

Kila asubuhi, kabla watoto hawajatoka nje, Mukamurenzi aliweka kidole mdomoni. Watoto walijua maana yake. Barabarani hakuna kusema Kinyarwanda, lugha yao ya nyumbani.

Familia yake ilikimbia vita huko Rutshuru, humohumo Kongo. Sasa waliishi Goma, mtaa wa Mapendo, katika nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe ya volkano. Mumewe alisukuma chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, yeye aliuza makala, mkaa wa kupikia. Majirani wengi walikuwa wema. Lakini redio ikitaja waasi wanaosema Kinyarwanda, wengine waliwageukia wao. "Murudi kwenu!"

Kijana wake, Niyonsenga, alijisahau mara nyingi, akaropoka. Lakini mdogo wake, Umutesi, hakutoa neno hata siku moja.

"Muone mutoto mwenye akili," mama alijivuna. "Huyu anajua kunyamaza."

Umutesi akaanza masomo. Haukupita muda, mwalimu akamwita mama.

"Mama, mutoto yako ana kiburi. Namuita, haitike. Nyinyi batu ba Rutshuru munafundishaka batoto nini?"

Wazazi wengine walikuwa wanasikiliza. Mukamurenzi aliinamisha kichwa. Nyumbani alichukua mwiko, akampiga Umutesi. Mtoto alilia huku akimtazama mama yake usoni, kama anayetafuta kosa lake. Tangu siku hiyo hakurudi masomoni. Alikaa nyuma ya nyumba, karibu na magunia ya makala, mahali ambapo wageni hawamwoni.

Kisha volkano ya Nyiragongo ikalipuka. Watu wa Mapendo walikimbilia mji wa Sake, na waliporudi ardhi ilikuwa bado inatikisika.

Alasiri moja, jirani yao Yasmini alikuja kununua makala. Yasmini alikuwa mwalimu katika shule inayopokea watoto wote pamoja, wanaosikia na wasiosikia. Umutesi alikuwa amekaa kwenye sakafu ya mbao, amewapa mgongo, anachambua maharage. Ghafla alibandika kiganja chake sakafuni. Akaruka, akakimbilia nje. Ndipo sahani zikaanza kugongana kabatini.

"Amejua kabla yetu!" Yasmini alisema.

Tetemeko lilipotulia, mtoto alirudi kwenye maharage yake. Yasmini akasimama nyuma yake.

"Umutesi!"

Kimya. Akapiga makofi. Kimya. Akachukua sufuria, akaigonga kwa kijiko. Umutesi aliendelea kuchambua. Basi Yasmini akakanyaga ubao wa sakafu kwa nguvu. Umutesi akageuka, akatabasamu.

"Mama Niyonsenga," Yasmini alisema taratibu, "mutoto hasikii."

"Anasikia. Mi nilimufundisha kunyamaza."

"Hapana. Haiko weye ulimufundisha."

Mukamurenzi aliutazama mwiko ukutani. Uso ukamwaka kwa aibu.

"Nilimupiga, Yasmini. Nilimupiga juu hakuitika. Na nikamuficha."

Yasmini hakumlaumu. Akaketi karibu naye.

"Umupeleke hospitali, bapime masikio yake. Haiko laana, na haiko kiburi. Mutoto asiyesikia anajifunza kwa macho. Anakaa mbele, mwalimu anamuangalia uso kwa uso. Anasoma kwa ishara za mikono, na wenzake nabo banajifunza ishara."

"Batamucheka mara mbili. Hasikii, tena ni mutu wa Rutshuru."

"Pengine batacheka. Kukataza ni kazi yetu balimu. Kujificha haiko kazi yake."

Hospitali ikathibitisha: Umutesi hasikii. Baada ya likizo akaingia darasa la Yasmini.

Siku ya kwanza mtoto mmoja alisema, "Bubu Munyarwanda!" Wengine wakacheka. Yasmini akasimamisha somo.

"Hakuna kuita mutu hivyo hapa. Haya, kila mumoja aniombe maji bila kufungua mudomo."

Mmoja alinyoosha kidole, mwingine alikuna kichwa, wa tatu akacheka mwenyewe. Umutesi aliwatazama. Akakunja kiganja kama kikombe, akakiinua mdomoni, kisha akaonyesha ndoo. Darasa likapiga makofi. Yule mtoto wa kwanza akaomba aonyeshwe tena.

Jioni Mukamurenzi alimsubiri kwenye lango, katikati ya wazazi. Yasmini alikuwa amemfundisha ishara ya kuomba msamaha. Watu walikuwa wanatazama, lakini aliifanya. Umutesi aliitazama ile mikono. Akaushika mkono wa mama yake, akaurekebisha, halafu akaukumbatia.

Kesho yake, mlangoni, Mukamurenzi aliinua kidole kama kawaida. Kikaishia hewani. Hiyo ndiyo ishara ya kwanza aliyowahi kumfundisha binti yake.

Alikishusha. Kwa mikono alimwambia Umutesi, "Usome vizuri." Kisha akamuaga Niyonsenga kwa Kinyarwanda, kwa sauti, barabara nzima ikasikia.